Uso wazi, kioo cha nusu au waya: hoki ya barafu ya kulipwa ilazimishe kipi?

Mpwa wangu anatimiza miaka 18 mwezi ujao, na zawadi anayoitaka si simu. Anataka bisibisi. Waya unaomfunika uso kuanzia paji mpaka kidevu umefungwa kwenye helmeti kwa skrubu, na tangu akiwa na miaka minane anahesabu siku za kuufungua. Hapa Ottawa, kama kwingine Canada, mtoto wa ligi za kawaida haingii barafuni bila uso uliofunikwa wote. Ukishakuwa mtu mzima, ligi nyingi za mtaani zinakuachia uamue mwenyewe.

"Mjomba," aliniuliza tukiwa garini, begi lake limejaza gari zima harufu ya jasho, "nani anavaa waya kwenye NHL?"

Nikanyamaza. NHL ndiyo ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, na jibu ni kwamba hakuna, labda yule aliyevunjika taya akarudi kazini kabla halijapona vizuri.

Swali lake ni lile lile wanalobishania watu wa mchezo huu kila mtu anapobebwa kutoka barafuni ameshika uso kwa taulo: wachezaji wa kulipwa walazimishwe kufunika uso, na kama ni kulazimishwa, wafunikwe kiasi gani? Njia ni tatu. Kuna uso wazi, yaani helmeti tu. Kuna kioo cha nusu, kinachoanzia paji na kuishia puani. Na kuna kinga kamili, ambayo ama ni waya ama ni kioo kizima hadi kidevuni. Mbili za mwisho nimezivaa mwenyewe, kwenye ligi ya wazee ya Jumapili usiku ambako hakuna anayelipwa na wote tunaripoti kazini Jumatatu. Ya kwanza sijaithubutu.

Kwa asiyeujua mchezo, kwanza tuzungumzie kinachoruka. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5. Uzito wake ni gramu 156 hadi 170, kama chungwa la wastani, ila chungwa hilo limekuwa jiwe: kabla ya mechi za NHL paki hugandishwa ili isidundedunde. Mwaka 2012, hapa hapa Ottawa, kwenye mashindano ya ustadi ya mechi ya nyota, beki Zdeno Chara alipiga paki iliyokwenda kilomita 175 kwa saa. Hiyo ilikuwa ya maonyesho. Kwenye mechi yenyewe inapigwa polepole kidogo, lakini katikati ya watu kumi wenye magongo, na ikigusa gongo la mmoja wao inabadilisha njia hatua mbili kutoka puani pako. Nimesimama mbele ya mashuti ya wazee wenye vitambi yasiyofika nusu ya kasi ya Chara, na nakwambia hukwepi. Unashtukia tu imefika.

Na paki si ndiyo adui mkubwa peke yake. Magongo yapo kumi barafuni muda wote, na hupanda juu kila mtu anapopoteza mizani.

Uso wazi

Njia hii inakufa yenyewe, kwa hiyo sitaikalia kitako sana, ila namna inavyokufa inafundisha.

Tarehe 13 Januari 1968, Bill Masterton wa Minnesota North Stars aligongwa na wapinzani akaanguka chali, kichwa kikapiga barafu. Hakuwa na helmeti. Wakati ule karibu hakuna aliyevaa. Alifariki baada ya siku mbili. Ungedhani kesho yake helmeti zingepigiwa kura. NHL ilifika mwaka 1979, na hata hapo iliwabana wageni tu: anayesaini mkataba wake wa kwanza kuanzia Juni mwaka huo avae, na wenyeji wakaachwa na nywele zao zikipeperuka. Craig MacTavish, wa mwisho wao, alistaafu mwaka 1997. Hesabu mwenyewe: kutoka kifo cha Masterton hadi kichwa cha mwisho kufunikwa ni miaka 29.

Kwa macho ilikuwa hivyo hivyo. Tarehe 11 Machi 2000, tena hapa Ottawa (mji wangu una bahati mbaya na mambo haya), Bryan Berard wa Toronto, kijana wa miaka 23, alikuwa karibu na Marian Hossa wa Ottawa aliyekuwa akipiga shuti. Gongo la Hossa lilimaliza mzunguko wake kwenye jicho la kulia la Berard. Hakukuwa na ubaya wowote, ni gongo lililokuwa likimaliza safari yake kama yanavyofanya magongo yote. Berard alipasuliwa mara kadhaa, na jicho lile halikurudi kama zamani. Alipotaka kucheza tena ilibidi apate lenzi ya kuvaa ndani ya jicho ili afikie tu kiwango cha chini cha kuona ambacho ligi inakubali. Alirudi, akacheza miaka, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya uvumilivu. Tuzo hiyo ina jina la Masterton.

Hata baada ya hapo kioo kilibaki hiari. Mwaka 2011 Manny Malhotra wa Vancouver alipigwa jichoni na paki. Mwaka huo huo Chris Pronger wa Philadelphia alipigwa jichoni na gongo. Machi 2013 Marc Staal wa New York Rangers alilala barafuni akirusharusha miguu, paki ikiwa imempata jichoni, na runinga zilirudia picha ile mpaka watu wakageuza nyuso. Kiangazi hicho ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana: kuanzia msimu wa 2013–14, yeyote ambaye hajazidisha mechi 25 avae kioo. Wenyeji waachwe, kama kawaida. Leo waliobaki na uso wazi unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mmojawapo ninayempenda kumtaja ni Jamie Benn wa Dallas. Kanuni za shirikisho la kimataifa, IIHF, zinamtaka kila aliyezaliwa baada ya mwaka 1974 avae kioo. Kwa hiyo Benn alipokwenda Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 na timu ya Canada, alivaa. Nusu fainali dhidi ya Marekani ilikwisha 1–0, na bao lile moja lilikuwa la Benn. Kisha akarudi Dallas akaendelea bila kioo. Mtu akiniambia kioo kinamnyima mchezaji kuona, namwomba tu anieleze bao lile.

Kioo cha nusu

Hiki ndicho kinachotawala sasa kwa wanaume wa kulipwa. Ni plastiki ngumu sana, angavu, imejipinda kufuata paji la uso. Wale wanaopanda bodaboda wanakijua kisa chake hata kama hawajawahi kuona barafu: kioo cha helmeti kipo, lakini dereva amekipandisha juu kwa sababu ya joto au kwa sababu kimechubuka. Barafuni nako wako wanaokiinua juu mpaka kinalinda nywele.

Kazi yake kuu ni macho, na kazi hiyo inaifanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia vijana 282 wa ligi ya juu ya wasiolipwa Marekani, wakati ambao wengine walicheza uso wazi, wengine na kioo cha nusu, wengine na kinga kamili. Hatari ya kuumia jicho kwa asiyevaa kitu ilikuwa mara 4.7 ya aliyevaa kioo cha nusu. Kwa majeraha yote ya uso, hesabu kwa kila saa 1,000 za mchezaji uwanjani ilikuwa hivi: uso wazi 158.9; kioo cha nusu 73.5, kinga kamili 23.2. Na kwenye kundi la kinga kamili hakukuwa na jicho hata moja lililoumia.

Soma zile namba mara ya pili. Kutoka uso wazi kwenda kioo cha nusu unapunguza nusu ya majeraha. Kutoka kioo cha nusu kwenda kinga kamili unapunguza zaidi ya theluthi mbili ya yaliyobaki. Ligi imepiga hatua ya kwanza, ikasimama.

Kilichobaki wazi ni pua kwa chini, midomo, meno na taya. Machi 2013, mwezi ule ule wa Staal, Sidney Crosby, aliyekuwa ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote, alikuwa amevaa kioo chake vizuri. Paki iliyopigwa na mwenzake wa timu, Brooks Orpik, ikapanda ikampiga mdomoni. Taya likavunjika, meno yakaenda, na mechi zote zilizobaki za msimu wa kawaida akazitazama kwa nje. Aliporudi alikuwa na kipande cha ziada kimefungwa mbele ya taya. Yaani ligi inaruhusu kinga ya sehemu ya chini ya uso. Inasubiri tu ivunjike kwanza.

Meno ni hadithi yake. Mei 2010, Duncan Keith wa Chicago alipigwa mdomoni na paki kwenye mchujo dhidi ya San Jose. Meno saba yakatoka. Alikosa dakika kama saba za mchezo, akarudi, timu ikashinda, na wiki chache baadaye akaubeba ubingwa. Nchi nzima hapa huisimulia habari ile kwa fahari, kama tunavyosimulia sisi babu aliyemkabili chui kwa panga. Na mimi naipenda. Ila nimewahi kulipia jino moja la bandia kwa daktari wa meno wa hapa, bila bima. Saba ni gari.

Kero za kioo cha nusu ni za kweli, nisizifiche. Ukitoka jasho kinapata ukungu. Theluji inayorushwa na viatu inakaa juu yake matone matone, ukipangusa kwa glavu unaipaka. Kikichubuka, taa za uwanja zinavunjika vipande machoni. Na kuna kero nyingine inayozungumzwa kidogo: gongo linalotoka chini linaweza kuingia nyuma ya kioo, likakwama hapo.

Waya na kioo kizima

Waya ndio anaotaka kuuvua mpwa wangu. Kioo kizima ni plastiki ile ile ya nusu, ila inateremka mpaka kidevuni na ina matundu ya kupumulia. Wanaokivaa wanaonekana kama samaki ndani ya jagi la kioo. Unaona vizuri zaidi kuliko kwa waya mpaka unapoanza kupumua kwa nguvu; hapo unacheza ndani ya mvuke wa chai. Waya haupati ukungu kamwe, hauchubuki, na ukipindika unanyooshwa. Ubaya wake ni mmoja: ukitazama chini paki ikiwa miguuni, nondo moja inakatiza mbele ya jicho. Wiki mbili za kwanza inaudhi. Baada ya hapo ubongo unaifuta. Huioni tena, kama usivyoiona pua yako.

Tangu miaka ya 1970, daktari wa macho wa Toronto aitwaye Tom Pashby alikuwa akikusanya kumbukumbu za macho yaliyopotea kwenye hoki ya Canada. Msimu wa 1974–75 peke yake yalipofuka macho 43. Kumbukumbu zake ndizo zilizosukuma viwango vya kinga na kuvivalisha vichwa vya watoto. Ule waya anaoulalamikia mpwa wangu, kwa namna fulani, ni kazi ya mzee yule.

Kwa watu wazima kuna utafiti wa vyuo vikuu vya Canada, msimu wa 1997–98, wachezaji 642, karibu nusu kwa nusu kati ya kioo cha nusu na kinga kamili. Waliovaa nusu walipata majeraha ya uso mara 2.5 ya wenzao. Ya meno, karibu mara kumi. Hapa ndipo wapinzani hukaa sawa kwenye viti: "Sawa, meno yamepona, lakini shingo je? Na mtikisiko wa ubongo? Mtu akifunikwa uso anajiona simba, anaingia kichwa mbele." Watafiti walilitazama hilo hasa. Hawakukuta tofauti ya maana kwa majeraha ya shingo wala kwa idadi ya mitikisiko ya ubongo. Walipoendelea kuchambua, waliona kwamba anayepata mtikisiko akiwa na kioo cha nusu hukaa nje zaidi: kwa wastani mazoezi na mechi 4 dhidi ya 1.7 kwa mwenye kinga kamili. Hofu ya simba ina mantiki, siikejeli. Lakini ilipopimwa haikuonekana.

Hoja ya pili ni ustadi. Waya utaharibu mchezo, pasi zitapotea. Kwanza, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani inacheza na kinga kamili. Cale Makar alikuwa huko hadi 2019, na leo ni kati ya mabeki bora duniani. Macklin Celebrini alichukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2024 akiwa nyuma ya waya, na miezi michache baadaye akawa wa kwanza kuchaguliwa na NHL. Pili, wanawake. Kwenye mashindano ya kimataifa wote wamefunika uso mzima. Marie-Philip Poulin wa Canada amefunga kwenye fainali nne za Olimpiki mfululizo, 2010 mpaka 2022, mabao saba kwa jumla, likiwemo la muda wa nyongeza mwaka 2014. Sijasikia mtu akisema angefunga kumi na manne kama angeona vizuri.

Kuna jambo jipya linalonichekesha. Kuanzia msimu wa 2025–26, vijana waliocheza ligi kubwa za vijana za Canada, ambako huvaliwa kioo cha nusu, wanaruhusiwa kwenda vyuo vya Marekani. Kwa hiyo kijana anavaa waya utotoni, anauvua akiwa na miaka 16, anaurudisha akiwa na 18, kisha anauvua tena akisaini NHL. Kama waya ungekuwa unaua ustadi, njia hii ingekuwa imejaa maiti.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo nzito: ngumi. NHL mtu akipigana anakaa nje dakika tano na kurudi. Waya unafanya ngumi zisiwe na maana, unapiga chuma unavunja vidole vyako. Ligi ilishaonja kidogo mwaka 2013: kioo kilipokuwa lazima kwa wageni, ilibidi iweke adhabu ya dakika mbili kwa anayevua helmeti kabla ya kupigana, nao wakaanza kuvuliana kwa heshima kama wanaoenda msikitini. Ukilazimisha waya umefuta ngumi bila kupitisha sheria ya ngumi. Kwangu hiyo ni faida. Kwa mwingine ndiyo sababu hasa ya kukataa, na ningependa aseme hivyo badala ya kujificha nyuma ya ukungu na shingo.

Kwa nini hawauvai wenyewe

Hapa ndipo uzito wote ulipo. Wachezaji hawa si wajinga. Wana mikataba ya mamilioni, wana wake na watoto, na wengi wamekulia ndani ya waya. Wanauvua siku moja, na sababu unaisikia chumba cha kubadilishia nguo: nani aanze?

Mwaka 1969, kwenye mechi ya maandalizi hapa Ottawa (nilishasema), Ted Green wa Boston alipigwa gongo kichwani, fuvu likapasuka. Hata baada ya hapo wenzake wengi hawakuvaa helmeti. Mchumi Thomas Schelling, ambaye baadaye alipata Nobel, aliichukua habari hiyo mwaka 1973 kueleza kitendawili: kila mmoja peke yake anaacha kichwa wazi, kwa sababu akivaa yeye tu ataonekana mwoga au atahisi amejipunguzia kitu, lakini wote hao hao, wakipewa kura ya siri, wangeikubali sheria inayowavalisha wote. Sheria hapo haimnyang'anyi mtu hiari yake. Inamwondolea aibu iliyokuwa imeishika hiari hiyo.

Na aibu ipo, haijatungwa. Mwaka 2004 mchambuzi maarufu wa runinga Don Cherry alisema hewani kwamba wanaovaa vioo wengi ni wachezaji wa Ulaya na Wakanada wa Kifaransa, kwa sauti ambayo hakuna aliyeidhania sifa. Kijana wa miaka 20 anayepigania nafasi ya mwisho kwenye timu ameyasikia hayo tangu akinywa uji.

Utaniambia: makipa je? Wao walivaa bila kungoja sheria. Kweli, na kisa chao ni kizuri. Tarehe 1 Novemba 1959, New York, shuti la Andy Bathgate lilimchana uso Jacques Plante, kipa wa Montreal. Akapelekwa ndani akashonwa. Enzi hizo timu haikuwa na kipa wa akiba benchini. Bila Plante hakuna mechi. Kocha Toe Blake hakuutaka ule uso wa bandia ambao Plante alikuwa akiuvaa mazoezini, akiamini utamzibia macho. Plante akamwambia: bila huo sirudi. Akarudi nao, Montreal ikashinda 3–1, na msimu ukaisha kwa ubingwa. Kufikia 1974 kipa wa mwisho wa NHL aliyecheza uso wazi, Andy Brown, alikuwa amemaliza mechi yake ya mwisho huko.

Lakini tazama ilihitaji nini. Ilihitaji kipa bora wa timu bora, siku ambayo kocha hana mwingine wa kumweka. Mshambuliaji wa mstari wa nne, kundi linalopewa dakika chache zaidi barafuni, hana karata hiyo. Akisema bila waya sichezi, yupo kijana wa daraja la chini anasubiri simu.

Ningelazimisha kipi

Kinga kamili, kwa wageni. Si kwa Crosby, si kwa aliyezoea kioo chake miaka kumi. Waachwe wamalize nacho. Anayesaini mkataba wake wa kwanza aingie na waya au kioo kizima, achague mwenyewe kati ya hivyo viwili, kwa kuwa tofauti yao ni ladha tu. Ni njia ile ile ya helmeti 1979 na ya kioo 2013, na ligi inaikubali hata sasa: baada ya mchezaji Adam Johnson kufariki Oktoba 2023 huko Sheffield, Uingereza, alipokatwa shingo na kiatu cha barafu, IIHF ililazimisha kinga ya shingo, na mkataba mpya wa NHL unawataka wanaoingia ligi kuanzia msimu wa 2026–27 waivae. Wenyeji, tena, wameachwa. Mlango upo na bawaba zake zimetiwa mafuta.

Kitu kimoja kinanitia shaka nacho ni uso wenyewe. Watazamaji huwapenda wanaowaona. Wauzaji wa ligi watasema waya unaficha nyota, na hawadanganyi. Hata mimi nilichukua muda kuwatambua wachezaji wa vyuo. Kioo kizima kinapunguza tatizo hilo, na nadhani ndicho kitakachoshinda mwisho, ukungu wake ukitibiwa.

Kama wewe huchezi kwa mshahara, hesabu ni nyepesi zaidi. Unapokea pesa kwa kuongea na watu, kufundisha, kuhudumia wateja? Vaa waya. Huna bima ya meno? Waya. Una bima, umezoea kuona chini, na ligi yenu ni ya watu wanaojua kuzuia magongo yao? Kioo cha nusu kinavumilika, pamoja na kinga ya meno mdomoni. Uso wazi sikushauri hata kwa mazoezi. Na kwa wale wa Nairobi, ambako timu ya hoki ya Ice Lions walianzia kwenye kile kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2018 wakaletwa Canada wakateleza pamoja na Crosby: mkitumiwa vifaa vya msaada mkaambiwa mchague, chukueni waya. Kioo kilichotumika kinafika kimeshachubuka. Waya mkuukuu bado ni waya.

Mpwa wangu nilimnunulia bisibisi. Ahadi ni deni. Tulikaa mezani, dada yangu akitutazama kutoka jikoni bila kusema neno, ambalo kwa dada yangu ni neno. Kijana akafungua skrubu, akautoa waya, akafunga kioo cha nusu alichokinunua kwa pesa zake za kazi ya likizo, akajitazama kwenye dirisha la oveni. Akatabasamu. Meno yote yapo.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mjomba? Kidevu hicho?"

Kidevuni nina plasta, na chini yake nyuzi sita. Gongo la Jumapili ya juzi, la rafiki yangu, alikuwa anaanguka. Nikanyoosha mkono.

"Huo waya," nikamwambia, "kama huutumii, nipe."

Akautazama, akaupima kwenye helmeti yangu. Skrubu ziliingia sawasawa.